Vigelegele vya dukani: kisa cha shela la laki nane na nusu

Bibi harusi wa kisa hiki ni mwalimu wa shule ya msingi, Kasulu. Harusi ilikuwa ifungwe Kigoma mjini, Desemba, na kamati ya upande wa bwana harusi ndiyo iliyobeba nguo za maharusi, kama familia nyingi za huku zinavyofanya. Kwenye bajeti, shela liliandikiwa shilingi 400,000, kukodi, pamoja na veli yake. Mimi nilikuwa mhazini wa kamati hiyo, kwa hiyo karatasi zote zilipita mikononi mwangu, pamoja na ile iliyoleta maneno. Bibi harusi ameridhia niandike, majina ya watu na ya duka yasitajwe.

Waliokwenda dukani ni wanne: bibi harusi, shangazi yake aliyetoka naye Kasulu, msimamizi wake, na wifi yake, dada wa bwana harusi, ambaye ndiye aliyekuwa na pesa ya kamati kwenye simu. Mtu akisimuliwa kisa hiki hukimbilia kumtazama muuzaji. Mimi nashauri uwatazame kwanza hao wanne, kila mmoja amekaa wapi na anamwonea nani haya, kwa sababu muuzaji ndivyo alivyofanya.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mitaa ya karibu na soko la Mwanga, wakati watu wa vijijini wameshuka kununua mahitaji na maduka yamejaa. Mwenye duka, mama wa makamo mchangamfu, alimpa shangazi shikamoo, akawavutia viti, akatuma soda. Kabla soda hazijafika alikwishajua mambo matatu: harusi ni lini, anayelipa ni nani, na huyu mama mtu mzima anamhusu vipi bibi harusi. Aliuliza kwa kuchangamka tu, kama mwenyeji anavyomuuliza mgeni habari za nyumbani. Wifi akasema bajeti ni laki nne, kukodi. Mama akaitikia vizuri: "Laki nne ziko nguo nyingi, mwanangu, tutaziona zote. Ila vaa hili kwanza, niujue mwili wako. Kuvaa si kununua."

Nguo za laki nne hazikushushwa kwenye henga mpaka walipoondoka.

Lililoshushwa lilikuwa jeupe pe, mikono ya lesi, shanga kifuani, mkia unaoburuta hatua kadhaa, kamba za kukaza mgongoni. Hakuna nguo iliyokuwa na bei dukani humo. Wasichana wawili wa duka walimvalisha, mmoja akimkaza kamba huku goti lake likiwa kwenye stuli, mwingine akiushika mkia. Pazia lilipofunguliwa wakapiga vigelegele. Wateja wa duka la jirani wakachungulia mlangoni, nao wakaitikia. Hapo harusi ikawa imeanza tayari, na bibi harusi amesimama katikati ya watu asiowajua wanaomshangilia.

Shangazi akalia. Baba wa binti alifariki miaka michache nyuma, na shangazi akasema lililokuwa moyoni: kaka yangu angekuwepo leo. Mwenye duka alikuwa na tishu mkononi kabla chozi halijafika kidevuni. "Basi mama, marehemu anamwona."

Kwa wifi alikuwa na sauti nyingine. "Wifi, wewe ndiye macho ya kaka yako hapa. Watu wote hao wa Kasulu watashuka na basi lao, mje mwambiwe mmemvisha mtoto wao gauni la kipaimara?" Wifi mwenyewe aliniambia baadaye kwamba neno hilo ndilo lililommaliza, na ninamwamini. Mtu anaweza kuvumilia kuambiwa hana pesa, lakini kuambiwa ukoo wake utachekwa na wakwe, hapo wengi hufungua pochi.

Bibi harusi alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza alionyesha gauni la rangi ya krimu lililokuwa mwisho wa mstari, lisilo na mkia mrefu, akauliza bei. Laki tatu na nusu kukodi, yaani ndani ya bajeti. Mwenye duka akamsogelea, akashusha sauti, lakini si sana kiasi cha wenzake kutosikia: "Hiyo krimu, mwanangu, kanisani huvaa waliokwisha kupata mtoto." Niambie, binti wa watu atajibu nini mbele ya shangazi na wifi? Akinyamaza, amekubali. Akilitaka bado, amejitangaza. Na hoja yenyewe haina mguu. Sijaona kanisa la hapa mjini linalompima bibi harusi kwa weupe wa kitambaa, na hata huo weupe ni desturi ya juzi juzi: huko Ulaya maharusi walikuwa wakivaa gauni zuri la rangi yoyote, na nyeupe ilipata umaarufu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa nayo mwaka 1840.

Kisha ikaja bei ya lile jeupe. Shilingi 1,100,000, na si kukodi, kununua. Wanawake wakashtuka, mwenye duka akawatuliza kwa hesabu: mkimaliza harusi, binti anaanza kulikodisha mwenyewe huko Kasulu, mara tatu tu pesa imerudi. Halafu akasema yuko bibi harusi wa Bujumbura anayevuka jioni hiyo, ameshaahidi dola, na likienda huko halirudi. Halafu, "kwa heshima ya machozi ya mama huyu", akashuka hadi 850,000, bei ya leo tu.

Mara ya pili bibi harusi alisema: "Naomba kwanza tukazungumze nyumbani." Ni sentensi nzuri kabisa. Aliyemjibu hakuwa muuzaji. Alikuwa shangazi yake: "Tukazungumze nini tena, mwanangu?" Na msimamizi, bila ubaya wowote, alikuwa amekwisha kurusha picha kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wa kamati, mioyo na maua vinamiminika. Wifi akatuma laki mbili za advansi. Wakaandikiwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la kaunta, yenye muhuri wa duka: imepokelewa laki mbili, advansi ya shela jipya jeupe, baki laki sita na nusu, pesa ikishatolewa hairudishwi.

Sasa tulipasue jambo lenyewe.

Watu wengi wanapoeleza ujanja wa wauzaji husema "alitulazimisha". Hapa hakuna aliyelazimishwa. Mwenye duka hakupaza sauti, hakuziba mlango, hakushika mkono wa mtu. Kila shinikizo lililofanya kazi mchana ule lilitoka kwa watu wa bibi harusi wenyewe: huzuni ya shangazi, haya ya wifi, furaha ya msimamizi. Yeye alichofanya ni kuligeuza kila moja limwelekee binti. Na binti alifungwa mdomo na malezi yake. Muuzaji alikwisha kumwita mwanangu, akajiweka mahali pa mama, na msichana aliyelelewa vizuri Kasulu hamwambii mama mtu mzima "hapana, sitaki" mbele ya shangazi yake. Atasema "tukazungumze", ambayo kwa sisi wote tunaofahamiana ndiyo hapana yenyewe. Muuzaji aliielewa vizuri sana. Ndiyo maana alinyamaza, akamwachia shangazi aibomoe.

Lile la "kuvaa si kununua" nalo lina historia yake. Mwaka 1966 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Jonathan Freedman na Scott Fraser, walichapisha majaribio waliyofanya California. Watu waliombwa waruhusu kibao kikubwa, tena kibaya, cha kuhimiza udereva wa uangalifu kisimikwe mbele ya nyumba zao. Walioombwa hilo moja kwa moja, aliyekubali hakufika mmoja kati ya watano. Lakini wale ambao kabla ya hapo waliombwa waweke kibandiko kidogo tu chenye ujumbe wa aina hiyo hiyo, walipokuja kuombwa kile kikubwa, zaidi ya robo tatu walikubali. Ukishasema ndiyo ndogo unajiona wewe ni mtu wa jambo hilo. Kuvaa lile shela ilikuwa ndiyo ndogo. Soda ilikuwa ndiyo nyingine. Kupigwa picha, nyingine. Ilipofika laki mbili, walikuwa wameitikia njia nzima.

Jambo la Bujumbura halina haja ya kupoteza wino; mteja huyo hakuwepo. Ila nasema hivi: uongo huo unauzika Kigoma kuliko ungeuzika Kariakoo. Hapa kweli kuna wateja wa Burundi na wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, wanaonunua kwa pesa taslimu, kwa hiyo maneno yanaingia akilini. Na maduka ya mashela mjini ni ya kuhesabika, na kwenda Dar es Salaam kulinganisha bei ni kukata nchi kutoka ukingo hadi ukingo, kwa nauli na siku ambazo mwalimu hana. Anayejua kwamba huna pa kwenda hahitaji kusukuma sana.

Nitamtendea haki mwenye duka pia, kwa sababu si jambazi. Mtaji wake umening'inia ukutani. Msimu wake ni mfupi: Kwaresima ndoa za kanisani husimama au hupungua mno, na watu wa hapa wengi huoa baada ya mavuno au karibu na sikukuu, ndugu wakiwa nyumbani. Kila wiki wanaingia mabinti wanaojaribu nguo saba, wanajipiga picha, kisha wanampelekea fundi cherehani aige. Muuzaji wa namna hiyo akimsifia mteja, akimpa soda, akimwonyesha nguo ya bei juu kwanza, hiyo ni biashara, na anayeingia sokoni anapaswa kuitegemea. Kumtania wifi kuhusu kipaimara ni ukali, lakini bado uko ndani ya mdomo wa sokoni. Mstari anauvuka anapozua mteja asiyekuwepo, na anauvuka zaidi anapouza kilichotumika kwa jina la kipya.

Maana hilo ndilo lililofuata. Jumatatu bibi harusi alirudi na msimamizi kupunguziwa kiuno. Mwenye duka hakuwepo. Fundi wa duka, kijana mpole, aligeuza nguo ndani nje, akatafuta mshono, akasema kwa nia njema kabisa: "Hili nilishalipunguza mwezi wa sita, subiri nifumue uzi wangu." Binti akainama kutazama. Kwa ndani, kwenye shingo, palikuwa na mstari wa poda ya kahawia uliogoma kufulika. Pindo la mkia lilikuwa na wekundu wa udongo, kama la nguo iliyopita kwenye uwanja wa kanisa siku ya mvua. Uzi aliokuwa anaufumua fundi ulikuwa mweupe kuliko ule wa kiwandani. Akalipiga picha, safari hii kwa simu yake mwenyewe, na hakuituma kwenye kundi lolote. Alinitumia mimi.

Hapo ndipo ile karatasi ya daftari, ambayo muuzaji aliiandika kujilinda, ilipogeuka kuwa yetu. Neno la maana halikuwa "hairudishwi". Lilikuwa "jipya".

Kisheria jambo liko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inataka ridhaa ya hiari, na ridhaa iliyopatikana kwa maelezo ya uongo inampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Maneno "pesa hairudishwi" hayafuti hata kimojawapo. Lakini tusijidanganye upande wa pili: kama nguo ingekuwa mpya kweli, na bibi harusi ameamka tu moyo umegeuka, sheria haimlazimishi muuzaji kurudisha. Muuzaji ndiye angekuwa na haki ya kufidiwa hasara yake, na kwa kawaida arubuni ndiyo inayoliwa. Shinikizo tupu la maneno matamu, lisilo na uongo ndani yake, ni gumu mno kulipeleka popote. Ndiyo maana dawa yake iwe kabla ya kulipa.

Wifi alitaka twende polisi. Mjumbe mmoja wa kamati akataka duka lianikwe mtandaoni, jina na picha. Nilikataa yote mawili. Polisi wangetuambia ni madai, twende Mahakama ya Mwanzo, na wangekuwa sahihi. Shauri la laki mbili lina njia yake huko, lakini harusi haingoji tarehe ya kesi. Kumwanika ni kumfungia mlango wa kurekebisha, tena picha ya bibi harusi ingekuwa ndani ya ugomvi kabla hajafika madhabahuni. Tulipanga ngazi: kwanza kuongea naye, akigoma twende kwa afisa biashara wa manispaa, kisha malalamiko ya maandishi Tume ya Ushindani.

Tulikwenda Jumatano asubuhi, saa mbili na nusu, duka linafagiliwa. Saa hiyo hakuna wateja wa kumfanya muuzaji aone aibu mbele zao, na aibu humfanya mtu akaze. Tulikuwa wawili tu, shangazi na mimi. Nilimwomba shangazi aongee yeye, kwa sababu machozi yake ndiyo yaliyotumika. Hakuanza na tuhuma. Alisalimia, akauliza watoto, akakaa. Kisha akaiweka karatasi kaunta, akaweka na picha ya mstari wa poda kando yake. "Mama mwenzangu, hapa umetuandikia jipya."

Mwenye duka akatazama moja, akatazama nyingine. "Ni jipya kwa hapa Kigoma," alisema.

Shangazi hakucheka, mimi nilijizuia. Ikafuata robo saa ya mvutano wa kistaarabu: kwamba limevaliwa mara moja tu, kwamba dukani mashela yote hujaribiwa, kwamba bei alishaipunguza. Shangazi kila mara alirudi pale pale, karatasi inasema jipya, bila kuongeza sauti wala neno. Nilipotaja afisa biashara, nilitaja kwa kuuliza tu kama ofisi yake bado iko pale pale manispaa. Sidhani kama hilo ndilo lililoamua. Nadhani kilichoamua ni kwamba wanaingia wateja wa kwanza wa siku na sisi tumekaa.

Pesa taslimu hakurudisha. Alikubali laki mbili zihamie kwenye lile gauni la krimu, kukodi kwa laki tatu na nusu, veli ndani, baki laki moja na nusu siku ya kuchukua. Kwa wanaotafuta ushindi kamili, huu si ushindi kamili; tuliendelea kufanya biashara na mtu aliyetudanganya. Lakini pesa ya kamati haikupotea, bibi harusi alipata nguo aliyoinyooshea kidole mwenyewe tangu mwanzo, na elfu hamsini zilizobaki zilinunua viatu. Karatasi ya pili niliiandika mimi: rangi, hali ya nguo, siku ya kurudisha, nani anafua, na kama ikichanika nani anashona. Mwenye duka alisaini huku anacheka: "Nyie kamati yenu ina maneno!"

Kwenye kamati nyingine niliyotunza hazina tangu hapo, wanaokwenda kutazama shela ni bibi harusi na mtu mmoja tu anayemchagua yeye, na pesa hubaki nyumbani. Binti akibanwa ana jibu la kweli lisilomvunjia mtu mzima heshima: "Mwenye pesa hayupo, mama, mpaka nimpelekee bei." Hakuna anayeweza kumjibu badala yake. Akina shangazi huitwa siku ya kupima mara ya mwisho, nguo imeshalipiwa, walie wanavyotaka. Na bajeti haitajwi kwa muuzaji mpaka yeye ataje bei yake, yenye kila kitu hadi siku nguo inarudi dukani.

Wifi hakubaliani nami. Anasema lile jeupe lilimkaa binti kuliko krimu, kwamba tumewanyima watu wa Kasulu cha kusimulia, na kwamba mstari wa poda usingeonekana na yeyote asiyeingia ndani ya nguo. Juu ya hilo la mwisho ana haki. Shangazi akilisikia humjibu hivi: "Wa ndani ya nguo alikuwa mwanangu."